Kadiri na Santuri za Prague

Niseme mapema, nisije nikaulizwa baadaye: sanduku lile nililileta nyumbani mimi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, nikalipandisha ngazi za ghorofa tatu huku nikihema. Hivyo yote yaliyofuata, miaka tisa ya makelele na furaha, lawama ya kwanza ni yangu. Mume wangu Kadiri hachoki kunikumbusha hilo kila ninapoanza kulalamika.

Ulikuwa mwaka 2003. Tulikuwa tukikaa Saint-Josse, hapa Ubelgiji, juu ya duka la Mturuki wa mboga, na kazi yangu ilikuwa kuwasaidia wazee majumbani mwao. Nilifagia, nilipika, niliwakata kucha wale wasioweza kuinama, na zaidi ya yote niliwasikiliza. Mmoja wao alikuwa Padri Jan, Mbelgiji aliyefundisha shule Bukavu kwa miaka ishirini na kitu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kisafi kuliko soksi zake. Mwaka ule miguu ilikuwa imemshinda, naye alikuwa anahamia kwenye nyumba ya wazee, chumba cha kitanda kimoja na kabati moja. Vitu vyake vingi vilikuwa vinakwenda kutupwa.

Siku moja akanionyesha sanduku la mbao lililojaa santuri.

“Maman Rukiya, hizi zimetoka Prague. Nilikuwa na rafiki kule, padri mwenzangu, kila Noeli alinitumia moja kwa posta. Mpwa wangu hazitaki. Nipelekee kwenye kontena la taka, tafadhali. Mimi sina moyo wa kuzitupa.”

“Ni nyimbo za kanisa, mon père?”

“Hapana, ni jazi. Lakini wanaipiga pamoja na fidla za orkestra, na muziki wa zamani, wa kina Bach. Rafiki yangu alisema wakubwa wa kule hawakuipenda sana jazi. Basi hawa wakaivalisha koti la orkestra.” Padri akacheka mpaka akakohoa. “Mtu aliyevaa koti zuri, mlangoni hawamuulizi kitu.”

Kama kweli ndivyo ilivyokuwa mimi sijui, nasema nilichoambiwa. Nilichukua sanduku nikaenda nalo hadi kwenye kontena mwisho wa barabara, nikafungua kifuniko, nikasimama pale. Mimi nilitoka Bujumbura na mfuko mmoja wa nguo, nikaacha nyumba nzima nyuma yangu, sufuria zikiwa bado jikoni. Tangu siku hiyo siwezi kutupa kitu kizima. Ni udhaifu wangu, naujua, na kabati zetu zinaujua pia. Nikafunga kile kifuniko, nikageuka na sanduku langu kurudi nyumbani.

Sasa nimweleze Kadiri, maana yeye ndiye mwenye hadithi hii. Kadiri anaendesha mashine ya kunyanyua mizigo kwenye bohari moja kule Anderlecht. Kila siku anapanda metro namba tano na chakula chake kwenye kibakuli, na kila siku anarudi na kibakuli kitupu na habari za watu wote aliokutana nao njiani. Hajui kupiga chombo chochote. Ukimpa filimbi ya refa ataiharibu. Lakini alikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, na baba yake mdogo alikuwa mpiga fidla wa kikundi cha taarabu. Kadiri ndiye aliyembebea kasha la fidla tangu akiwa na miaka saba. Kwenye harusi alikaa mbele kabisa, karibu na wapigaji, akasikiliza mpaka mwisho. Nadhani hakuna mtu Buyenzi nzima aliyesikiliza kama yeye, na ningekuwa msichana mwenye akili ningeliona hilo ni jambo la kuogopa kabla ya kuolewa.

Wasiojua taarabu niwaambie jambo moja. Kwetu, wimbo ukikugusa huwezi kubaki umekaa. Unainuka, unakwenda mbele taratibu huku mabega yanacheza, unamtunza mpigaji: noti, au ua, au leso yako unayoitandika mbele yake. Halafu unarudi kwa mwendo ule ule, bila haraka, watu wakikushangilia. Mpigaji naye anajua kwamba amesikika.

Kadiri alipoliona lile sanduku alikwenda Jumapili ile ile kwenye uwanja wa Jeu de Balle, ambako vitu vya waliohama na waliokufa vinatandazwa chini kwenye mawe, akarudi na gramafoni iliyofungwa kwa kamba. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga ndagala, dagaa wa kwetu, dirisha wazi kwa ajili ya harufu. Kwanza nikasikia mikwaruzo. Halafu piano. Halafu fidla nyingi kwa pamoja, za kistaarabu, za watu waliovaa tai. Nikasema moyoni, haya, ni usingizi tu huu. Mara chini ya zile fidla kitu kikaanza kutembea: besi, tum, tum, tum, tum, na ngoma zikaingia kwa zile fagio ndogo za chuma, na fidla moja ikajitoa kwenye kundi ikaanza kusema maneno yake yenyewe.

“Mama Sumaya! Kuja, kuja haraka! Écoute!”

Nikatoka na sahani ya ndagala mkononi, nikidhani kuna mtu ameanguka. Kadiri alikuwa amesimama katikati ya sebule, kidole juu.

“Hii haiko jazi. Padri amekosea. Hii iko taarabu!”

“Baba Sumaya, ni Wacheki hao. Watakuwa wamejifunza wapi taarabu?”

“Mimi sijui kwenye balijifunza. Sikia fidla, sikia ngoma chini yake. Sikia ile fidla inavyolalamika, halafu inacheka. Je te jure, nakuapia, bantu hawa banajua.”

Pakafika mahali muziki wote ukasimama. Fidla peke yake ikabaki imening'inia, na besi ikaendelea polepole, tum, tum, kama inamngoja mtu. Kadiri akapapasa mifuko yake, hakukuta kitu. Basi akachukua ndagala mmoja kwenye sahani yangu, akaenda mbele kwa mabega, akamweka yule samaki juu ya kifuniko cha gramafoni, akarudi nyuma akiwa amefumba macho. Fidla ikaendelea. Binti yetu Sumaya, aliyekuwa na miaka sita, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikasirika, maana mafuta ya samaki hayatoki kwenye mbao.

Tangu siku hiyo nyumba yangu ikawa ya Wacheki. Santuri zilikuwa kumi na tisa. Nyingine zilikuwa na saksafoni mbele na orkestra nzima nyuma, nyingine kinanda cha kanisa na ngoma, nyingine fidla nne tu na mtu mmoja wa piano asiyetulia. Majina yaliyoandikwa juu hatukuweza kuyasoma, yalikuwa na vikofia na alama kila upande, kwa hiyo Kadiri alizipa majina yake. Kulikuwa na Ile ya Kijani, Ile ya Mvua, Ile ya Mzee Aliyechelewa. Aliyoipenda kupita zote, ile yenye mahali pa kuinuka, iliitwa Ya Upande wa Pili, kwa sababu ilikuwa upande wa pili. Mwezi wa Ramadhani sanduku lilipanda juu ya kabati, na usiku wa Idi lilikuwa kitu cha kwanza kushuka.

Ijumaa baada ya swala Kadiri alianza kwenda kwenye nyumba ya wazee kubishana na Padri Jan. Mmoja anasema jazi, mwingine anasema taarabu, na muuguzi anawaletea kahawa ya pili. Padri alimweleza kwamba muziki ule ulihitaji mtu wa kukaa kimya na kufikiri. Kadiri akamjibu kwamba yeye hufikiri vizuri zaidi akiwa amesimama. Waliendelea hivyo miaka mitano. Padri alipofariki, Kadiri alisimama nyuma kanisani karibu na mlango, kofia yake mkononi, na wiki nzima nyumba yetu ilikuwa kimya. Nilikuwa nimeomba ukimya huo siku nyingi, lakini ulipokuja haukunifurahisha.

Sumaya ndiye aliyeuvunja, kwa fidla yake. Tangu siku ya ndagala alikuwa ameamua kwamba naye anataka kutunzwa. Tulipomuuliza kwa nini anataka kujifunza fidla hakusema habari ya muziki, alisema: “Ili Papa aniletee kitu.” Tulimpeleka kwenye akademi ya muziki ya manispaa, ambako watoto wanaingia baada ya shule. Mwalimu wake alikuwa Fien, Mflamand mwembamba mwenye subira ambayo mimi sina. Fien alimfundisha kushika upinde, kusoma noti, kusimama wima. Nyumbani Kadiri alimfundisha jambo moja tu, tena bila kujua kwamba anafundisha. Kila alipofanya mazoezi, Kadiri alikaa kwenye kochi, na mahali palipomgusa aliinuka akamwekea kitu kwenye kile kistendi cha noti: biskuti, tiketi ya metro, soksi moja safi. Mtoto alikuwa anajua kabisa lini baba yake amesikia na lini amechoka na kazi.

Mwaka 2011 wanafunzi wa Fien walipiga mbele ya wazazi, kwenye ukumbi wa akademi. Wazazi wote walikaa kimya kama maji mtungini. Sumaya alikuwa katikati ya kipande chake Kadiri alipoinuka. Nilimshika koti, likaniponyoka. Akaenda mbele kwa mabega, mbele ya halaiki yote, akaweka noti ya euro tano kwenye stendi, akageuka akarudi, uso umejaa raha. Kicheko kikapasuka nyuma yetu. Mama mmoja alitoa simu akapiga picha. Sumaya alimaliza, akainamisha kichwa, akatoka mbio hadi kwenye korido, na nilipomfuata nilimkuta amejifunika uso akilia.

Damu ilinichemka. Sikumuuliza mtoto kitu. Nilijua, au nilifikiri najua. Tulipofika nyumbani nikamweka Kadiri mbele yangu.

“Umemuaibisha mutoto wako. Amelia kwa sababu yako. Apa sasa hivi: hautainuka tena mbele ya bantu akiwa anapiga.”

“Mama Sumaya, mimi nilisikia tu...”

“Apa!”

Kadiri akainua mkono akasema wallahi, hatainuka. Alisema kwa sauti ndogo, naye si mtu wa sauti ndogo. Nyumbani aliendelea na biskuti na soksi zake, hilo sikumkataza, lakini nje alikuwa amefungwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nililala vizuri siku ile.

Mwaka uliofuata Fien alituletea habari. Akademi ilikuwa imealikwa kupeleka wanafunzi wachache Prague kwa wiki moja wakati wa likizo, kwenye mafunzo ambako wapigaji wakongwe wa kule wangefundisha hasa muziki ule: namna ya kuikutanisha jazi na orkestra. Nafasi ya fidla ilikuwa moja. Ingetolewa kwenye mtihani wa Juni, na Sumaya, aliyekuwa na miaka kumi na tano, aliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu. Aliacha kula vizuri. Alifanya mazoezi mpaka Mturuki wa chini akajua wimbo wote na kuupiga mluzi akipanga nyanya.

Alichagua Ya Upande wa Pili. Noti zake hazikupatikana popote, kwa hiyo Fien alikuja kwetu Jumamosi nne mfululizo, akakaa mbele ya gramafoni na penseli, akasikiliza na kuandika, akala na ndagala. Sehemu za orkestra alizipunguza ziwe za piano, atakayoipiga yeye. Besi ingepigwa na Robbe, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kulikuwa na jambo moja tu lililomsumbua Fien.

“Madame Rukiya, kuna mahali anasimama mno,” aliniambia kwa Kifaransa. “Kwenye karatasi ni mapigo mawili. Yeye anakaa sita, anakaa nane. Namuuliza kwa nini, anasema pardon, halafu kesho anafanya vile vile. Majaji watamkata alama.”

Nilimgombeza Sumaya. Akasema, “Oui, Maman.” Sikujiuliza zaidi.

Mtihani ulikuwa Jumamosi asubuhi. Meza ndefu, majaji watatu, na katikati Madame Fernande, mwalimu wa piano aliyestaafu, miwani imefungwa kwa mnyororo shingoni. Watu walisema mkono wake ni mgumu. Alitutangazia wazazi tuliokaa nyuma kwamba hakuna kupiga makofi, hakuna simu, hakuna kuzungumza. Kadiri alikuwa amevaa suti yake ya harusi, iliyokuwa imeshamkataa tumboni, na alikalia mikono yake yote miwili ili isije ikafanya jambo.

Sumaya akaanza. Ile sehemu ya mwanzo, ya kistaarabu, aliipiga safi kabisa. Hata mimi nisiyejua nilijua. Besi ya Robbe ikaanza kutembea, na mwanangu akajitoa kwenye piano ya Fien akaanza kusema maneno yake, akilalamika, akicheka, na nikaona jaji mmoja anatikisa mguu chini ya meza. Ndipo akafika pale. Muziki ukasimama. Fidla ikabaki imening'inia. Tum, tum, ikasema besi.

Akangoja. Mapigo mawili yakapita, yakapita sita. Fien akarudia sauti ile ile ya piano, akimwangalia. Nane. Kumi. Robbe alikuwa anazunguka pale pale na besi yake na jasho linamtoka. Madame Fernande akaweka kalamu mezani. Nikasema, amesahau, mtoto amesahau, yamekwisha, Prague imekwenda. Nikaanza kusoma dua.

Ndipo nikaona macho ya Sumaya. Hayakuwa macho ya mtu aliyesahau. Yalikuwa yanatafuta nyuma ya majaji, safu kwa safu, hadi kwetu. Nikamgeukia Kadiri. Uso wake wote ulikuwa umelowa, na midomo inasema bila sauti: niliapa, niliapa.

Nikaelewa yote kwa mpigo mmoja, na aibu ikanipanda hadi masikioni. Mtoto yule alikuwa amejifunza wimbo ule na baba yake ndani yake. Pale hapakuwa mahali pa mapigo mawili. Palikuwa mahali pa Kadiri, na mimi ndiye niliyemtoa.

“Inuka,” nikamnong'oneza.

“Apana.”

“Inuka, nimekuambia!”

“Niliapa kwa Mungu, Mama Sumaya. Siwezi.”

Mimi si mtu wa kuinuka. Hata kwenye harusi za dada zangu kule Buyenzi nilikaa ukutani na kushika mikoba ya wengine. Lakini nilikuta nimesimama, na nikakuta miguu imeshafika kwenye ujia kati ya viti. Nikasema, haya, kama ni kuaibika tuaibike vizuri. Nikalegeza mabega. Nikaenda taratibu, kama inavyotakiwa, pembeni ya meza ya majaji, mbele ya miwani ya Madame Fernande, tum, tum, na Robbe akaona ninachofanya akaanza kutabasamu na kunipigia mimi. Sikuwa na noti wala ua. Nikavua leso niliyojitanda mabegani, ile nzuri, nyekundu, nikaitandika mbele ya mwanangu juu ya stendi yake. Sumaya alicheka kwa sauti. Nami nikageuka, nikarudi kwa mwendo ule ule, bila haraka.

Nilipokuwa nusu ya njia nikakumbuka kwamba leso yangu imefunika noti zote.

Sumaya hakuitoa. Aliinua upinde akaanza kupiga asichokisoma popote. Sijui niseme vipi. Ilikuwa ni Ya Upande wa Pili na haikuwa yenyewe. Alikwenda nje, akaenda mbali hadi nikaogopa, akapita kwa kina Bach, akapita Buyenzi, nakuapia, nilisikia fidla ya yule baba mdogo mle ndani, halafu akarudi akamkuta Robbe pale pale alipomwacha. Fien alimfuata kwenye piano huku amekunja uso kwa furaha. Na nyuma yetu sauti ikapasuka: “Aaah! Weee! Waambie!” Ni Kadiri. Alikuwa ameapa kutoinuka, hakuwa ameapa kunyamaza.

Walipomaliza hakuna aliyejua la kufanya, maana makofi yalikatazwa. Madame Fernande alivua miwani. Akaniita mimi, si mwanangu.

“Madame, umefanya nini pale?”

Nilikuwa bado nahema, na nikihema huwa mkali. Nikamjibu kwa Kifaransa changu cha jikoni: “Kwetu, Madame, muziki ukikugusa unakwenda kumwambia aliyeupiga. Ukibaki umekaa, atajuaje kama umesikia?”

“Na yeye alikuwa anangoja hilo?”

“Alikuwa anamngoja baba yake. Yule pale. Yeye ndiye anayeinuka siku zote. Mimi nilimkataza, nilikosea.”

Madame Fernande akamtazama Kadiri, ambaye bado alikuwa amekalia mikono yake. Kisha akatuomba tutoke.

Kwenye korido Sumaya alijitupa kifuani kwangu. Nikamwambia nilidhani nimemwokoa na aibu, nilidhani mwaka jana alilia kwa sababu ya baba yake.

“Maman! Nililia sababu bantu balimucheka Papa,” akasema. “Yeye peke yake ndiye alikuwa anasikia mule ndani.”

Kadiri aligeukia dirisha akajifanya anaangalia magari. Mimi sikujifanya, nililia pale pale.

Wakatuita. Kwa kusoma noti Sumaya alipata alama za chini, na ni haki yao, kwa kuwa noti zilikuwa chini ya leso yangu. Kwa muziki alipata alama ambazo Madame Fernande, kwa mdomo wake mwenyewe, alisema hajampa mwanafunzi kwa miaka mingi. Ukijumlisha, nafasi ilikuwa yake. Kadiri alipiga kelele iliyosikika hadi barabarani. Alikuwa amekaa.

Fien alitufuata na karatasi ya safari. Kwa kila mtoto aliye chini ya miaka kumi na nane, mzazi mmoja alikuwa na nafasi kwenye basi na kitanda kwenye hosteli.

“Nimeshaandika jina lako, Madame Rukiya,” alisema. “Nilidhani ndiyo... salama zaidi.”

Nilisoma jina langu pale. Tangu nifike nchi hii sijawahi kwenda mbali kuliko baharini Ostende, siku moja, na mvua ilinyesha. Wiki nzima bila kufagia kwa mtu! Niseme ukweli, nilitamani. Niliitamani mpaka kooni. Halafu nikamwomba Fien kalamu, nikapiga mstari juu ya jina langu, na juu yake nikaandika la mume wangu kwa herufi kubwa.

Kadiri alisoma juu ya bega langu.

“Mama Sumaya, apana. Na wewe?”

“Mimi nitabaki nyumbani huit jours entiers, siku nane nzima, nisikie kimya.”

“Bon. Lakini kama kule nikisikia kitu? Mimi niliapa.”

“Kiapo kina kafara yake,” nikamwambia. “Kulisha maskini kumi. Nitapika mimi mwenyewe, kesho. Wewe ukifika kule ukasikia kitu, inuka.”